Huyu Anadaiwa na Nani?

Katika mchezo wa kuigiza, anayecheza mtu mbaya anahitaji mazoezi kuliko wenzake wote. Anayecheza mnyonge hubebwa na hadhira. Hata akisahau neno, watu humwonea huruma na kumjazia. Mbaya hana wa kumjazia. Haya niliyajulia Salamabila, kiangazi kimoja mgodi wa Namoya ulipokuwa ungali ukifanya kazi, nilipopewa nafasi ya mnunuzi wa dhahabu katika kikundi chetu.

Salamabila iko Kabambare, kusini mwa Maniema. Ukitaja kazi ya baba yako pale, watu watauliza kwanza ni ya shimoni au ya kampuni. Vilima vya Mwendamboko, Kakula na Muviringu vina dhahabu, na watu wamevigombea tangu zama za Wabelgiji. Kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza Januari 2016 kwamba Namoya imeanza uzalishaji wa kibiashara. Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Kati ya tarehe hizo mji ulifurika: wachimbaji wa mikono, polisi wa migodi, askari, vijana wenye silaha huko porini, watu wa mashirika, wauza vitenge, mashehe, wachungaji, na wanawake wanaotwanga mawe kutwa nzima. Kikundi cha maigizo katika mji kama huo hakikosi wahusika. Kazi ni kuwaigiza bila mtu kutoka uwanjani akiapa kwamba usiku atakutafuta.

Mwongozaji wetu tulimwita Mwalimu, ingawa alichosomea ni ufundi wa magari. Alikuwa amepata mafunzo ya maigizo shirikishi Bukavu. Ni aina iliyoenezwa mashariki mwa Kongo na mashirika kama Search for Common Ground: kikundi kinaingia mahali penye ugomvi, kinawasikiliza watu, kinatunga mchezo mfupi juu ya ugomvi huo bila kumtaja mtu kwa jina, kisha kinaucheza hadharani na kuwaruhusu watazamaji kuusimamisha na kuingia wenyewe. Mzizi wake ni kwa Augusto Boal wa Brazili. Boal alisimulia kwamba wazo lilimpata Peru katika miaka ya 1970, siku mwanamke mmoja katika hadhira alipochoka kuwaelekeza waigizaji waliokuwa hawamwelewi, akapanda jukwaani na mpini wa ufagio kuonyesha mwenyewe jinsi mume mwongo anavyostahili kutendewa.

Maandishi hatukuwa nayo. Wageni kutoka miji mikubwa walikuwa wakiuliza kitabu chetu kiko wapi, na tukisema hakipo walituangalia kama watoto wanaocheza harusi. Mwalimu alikuwa na jibu moja tu kwao, nalo ni kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wale maana ya msemo wa kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu kwa maneno, waliutungia mchezo. Waliujadili, wakaugawa katika sehemu, wakaufanyia mazoezi wakibishana kwa Kiswahili chao cha Katanga, na hatimaye wakauigiza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni. Hakuna aliyepewa karatasi ya kukariri. Fabian ndiye aliyeandika, baadaye, kwa kusikiliza kanda zake, na kitabu kikatoka mwaka 1990. Kwa hiyo, alisema Mwalimu, kitabu huja mwisho.

Lakini kucheza bila maandishi si kusema lolote linalokujia. Kila onyesho lilikuwa na nguzo zake zisizosogezwa: nani anaingia, anataka nini, anaondoka na nini. Maneno yangeweza kubadilika kila siku. Onyesho langu lilikuwa la mzani. Mchimbaji anakuja na dhahabu yake ndani ya kipande cha karatasi, mimi napima, nataja bei, anakataa, nasubiri, anakubali. Basi.

Tulifanyia mazoezi katika darasa lililoazimwa, baada ya sala ya alasiri, bati likiwa bado na joto la mchana. Mwanzoni nilifunga mto tumboni chini ya shati, nikavaa miwani ya jua na kuongea kwa pua. Watoto waliokuwa wakichungulia madirishani walicheka mpaka wakaanguka. Nilijiona nimefika. Mwalimu aliniacha niendelee siku kadhaa, kisha akaja akauchomoa ule mto na kuukalia.

“Banakucheka weye,” aliniambia. “Ule mutu hayiko hapa.”

Halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia katika mafunzo mengine yoyote ya maigizo tangu siku ile: “Iko na deni ya nani?”

Sikuwa na jibu. Waigizaji wengi hufundishwa kuuliza mhusika anataka nini, na swali hilo ni zuri. Ila mtu wa Salamabila ukimuuliza anataka nini, atakujibu anachotaka kila mtu: nyumba ya bati, pikipiki, watoto wasome. Ukiuliza anadaiwa na nani, ndipo unapata yeye peke yake.

Nikaenda kukaa kwa mnunuzi mmoja aliyekubali nishinde kibarazani kwake, maadamu sitauliza bei mbele ya wateja. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, hakuwa na tumbo lolote. Mzani wake ulikuwa wa vitanga viwili, wa kukunjwa, unaoingia katika kisanduku cha ukubwa wa sabuni. Kwenye kitanga kimoja aliweka dhahabu, kwenye kingine njiti za kiberiti na sarafu kuukuu ambazo uzito wake anaujua kwa moyo. Hesabu kubwa waliifanya kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, kipimo cha Wahindi cha tangu kale. Lakini wateja wengi hawakuwahi kufikisha hata robo yake. Kwanza alipitisha sumaku juu ya ile karatasi ili kunyanyua mchanga mweusi wa chuma. Kama kulikuwa na zebaki aliichoma kwa moto akigeuza uso pembeni. Halafu alipima, na vitanga vilipokuwa vinatafuta kutulia aliacha kupumua. Mchimbaji naye aliacha kupumua. Mwisho akafagia karatasi kwa kibrashi, kwa sababu vumbi linalobaki kwenye karatasi za wiki nzima si dogo.

Kilichonishika zaidi ni mkono wake wa kushoto. Wakati wote huo ulikuwa juu ya simu. Haukuishika, uliilalia tu, kama vile simu ile ni kifaranga kinachoweza kukimbia. Siku ya pili au ya tatu ndipo nikaelewa. Fedha zilizokuwa katika droo si zake. Alizipokea kwa tajiri aliyeko Bukavu, na bei ya siku ilikuja kwa simu. Dhahabu ikipungua, atadaiwa yeye. Bei ikishuka baada ya yeye kununua, hasara ni yake. Na yule wa Bukavu hakuwa mwisho wa mnyororo: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka mingi jinsi dhahabu ya mashariki ya Kongo inavyovuka kwenda nchi jirani, Uganda mojawapo, kisha Dubai. Kuelekea chini hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwenye shimo, tunayemwita pedeje, huwalisha wachimbaji wake kwa mkopo miezi mingi kabla mwamba haujatoa kitu: mchele, mawese, mafuta ya mashine ya kuvuta maji. Anakopeshwa na huyo huyo mnunuzi, kwa sharti kwamba dhahabu itauzwa kwake na si kwa jirani. Mchimbaji akija na karatasi yake, nusu ya iliyomo imekwisha kuliwa tangu masika.

Nilirudi mazoezini nikiwa na mkono wa kushoto. Nilikuwa bado sijamjua mhusika wangu, lakini mkono niliupata, na madirishani hakukuwa na kicheko.

Mwalimu, ambaye alipenda historia kuliko magari, alituambia jambo hili halikuanzia kwenye dhahabu. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kati ya Ziwa Tanganyika na Kasongo. Livingstone aliugulia pale, akipaita Bambarre, kabla ya kufika Nyangwe mwaka 1871. Kasongo palikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye sisi watu wa Maniema tumeachiwa na msafara wake mambo mengi kwa mpigo: Kiswahili, mpunga, misikiti, na vidonda vya utumwa ambavyo wazee wengine hawapendi vitajwe chakulani. Watu humkumbuka Tippu Tip kama mwenye nguvu asiyedaiwa na mtu. Soma maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili miaka michache kabla ya kufa Unguja mwaka 1905, utakuta karibu kila safari inaanza na mali ya kukopa. Nyuma yake alikuwapo Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, aliyetoa vitambaa, shanga na bunduki na kungoja pembe. Deni lilitembea kutoka pwani mpaka Lualaba, na mwishoni lilimwangukia yule aliyekuwa akibeba jino la tembo begani. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yalipoingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893, waliondoka wadai wale na wakaja wengine.

Sisemi kwamba niliyafikiria haya yote nikiwa mbele ya mzani. Mwigizaji akianza kufikiria Taria Topan onyesho linakufa. Ila yalinisaidia kutomtazama mnunuzi wangu kama chanzo cha ubaya. Yeye ni mlango ambao ubaya unapitia, na mlango una bawaba zinazolia.

Aliyenitangulia mbali katika hili alikuwa mama mmoja mtwangaji, aliyecheza mke wa mchimbaji. Alikuja mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la mawe likiwa kwenye nyusi. Hakuwahi kuona jukwaa. Mwalimu alimwambia acheze anavyotwanga, bila kinu wala mchi. Akasimama, akavuta pumzi, akaanza. Tuliona kinu. Tuliona hata kitambaa anachofunika mdomo wa kinu ili vigae vya mwamba visirukie machoni, kwa sababu kila baada ya mapigo machache mkono wake mmoja ulishuka kukirekebisha. Alipoulizwa anadaiwa na nani hakusita: mwenye duka la chumvi, shule, dada yake, mwenye mawe aliyempa kazi, na daktari. Aliwataja kwa mpangilio wa nani atakuja kwanza. Sisi tuliojiita wanafunzi wa maigizo tulikuwa tunatafuta wiki nzima kitu ambacho yeye alikuwa anaamka nacho.

Baada ya hapo nikaharibikia upande wa pili. Kwa kuyajua madeni ya mnunuzi nilianza kumcheza kama yatima. Nilipima kwa upole, nikataja bei ndogo kwa sauti ya kilio, nikatazama chini. Kijana aliyecheza mchimbaji akakasirika, na haki ilikuwa yake. “Sasa miye nitagombana na nani?” aliuliza. Kweli hakukuwa na ugomvi tena, na bila ugomvi mtazamaji hana pa kuusimamisha mchezo. Mwalimu akanikumbusha kwamba deni si ruhusa. Mnunuzi yule anaiba. Anaiba kidogo, kwa njiti ya kiberiti iliyolowa maji ili iwe nzito, na anajua kabisa nini anafanya. Lazima watu wauone wizi huo, na waone pia simu.

Ufumbuzi ulikuja kwa vitendo, kama kawaida ya mambo haya. Tuliamua kwamba napima kwa haki mwanzoni, vitanga vinakaa sawa, mchimbaji anatabasamu. Simu inalia. Sisemi lolote ila “ndiyo, papa” na “ndiyo, papa” tena. Naiweka chini. Halafu nabadilisha njiti. Maneno mengi niliyokuwa nimeyazoea, hotuba zangu za soko na ushuru na ubaya wa barabara ya Kasongo, yote yakawa hayana kazi.

Kulikuwa na onyesho jingine, la kizuizi, ambalo lilituogopesha kuliko hili. Kumwigiza mwenye bunduki ni jambo la kufikiriwa mara mbili mahali ambapo wenye bunduki ni wa namna nyingi na kila mmoja ataamini umemsema yeye. Hatukuvaa sare yoyote. Tulifunga kamba kati ya viti viwili, mwenzetu mmoja akaishika upande mmoja, akawa anaishusha kila anayepita alipotoa kitu. Swali la Mwalimu lilimfikia naye. Jibu alilijua kila mtu aliyewahi kupita barabara zetu: jioni lazima apeleke sehemu kwa mkubwa wake, asipopeleka atahamishwa kizuizi kibaya. Tukaiongezea kamba urefu, ikatoka nje ya uwanja wa kuchezea, mwisho wake usionekane. Hiyo ilitosha, na hakuna aliyekuja kutuuliza tulimkusudia nani.

Miaka baadaye, nilipoanza kusoma tamthilia zilizoandikwa, niliendelea na swali hilo kwa mazoea. Nikalipeleka kwa Shylock katika *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, mchezo ambao wote tunajua ni wa mkopo na ratili ya nyama. Wanafunzi wengi humcheza Shylock kama mtu aliyekalia masanduku ya fedha. Lakini siku Antonio anapotaka dukati 3,000, Shylock hanazo. Anasema zitatoka kwa Tubali. Mkopeshaji anakopa. Mwigizaji akikiruka kijistari hicho, anabaki na mto tumboni. Nikalipeleka pia kwa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, na huko jibu lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu Kinjeketile hadaiwi fedha. Anadaiwa neno alilolitoa mwenyewe kuhusu maji, neno lililokwisha kukua kumzidi, na mwishoni anagoma kulikana mbele ya Wajerumani hata kama kulikana kungemwokoa. Nilimwona mwigizaji mmoja akilicheza onyesho lile kwa kupaza sauti, kifua mbele. Nilitamani Mwalimu angekuwepo.

Siku ya kucheza ilikuwa ya soko, kwenye uwanja wa mpira. Tulicheza mara ya kwanza moja kwa moja hadi mwisho, kisha Mwalimu akawaeleza watu kwamba tutaurudia, na kwamba yeyote akiona mahali pa kubadilisha apige kofi na kuingia. Wa kwanza kuingia walikuwa vijana, kwa utani. Mmoja alichukua nafasi ya mchimbaji na kunitukana tu. Nilimsubiri amalize, mkono juu ya simu, kisha nikataja bei ile ile. Watu wakazomea, lakini waliona kwamba matusi hayakusogeza kitanga. Mwingine alitishia kwenda kuuza kwa jirani. Nikamkumbusha mchele wa masika, akakosa la kusema.

Ndipo akaingia mwanamke wa makamo mwenye beseni la ndizi, akalitua pembeni bila haraka. Alisubiri simu ilie. Nilipoweka simu chini, naye akaweka mkono wake juu ya wangu.

“Mwanangu, muite tena. Nisemezane naye miye mwenyewe.”

Hilo hatukuwahi kulifanyia mazoezi. Wala hakukuwa na mtu upande wa pili wa simu. Ilikuwa kipande cha ubao. Lakini nilikuwa nimekaa na madeni ya mtu yule kiangazi kizima, na jibu lilitoka kabla sijalitafuta: nilimwambia kwamba nikimpa simu ile, kesho droo hii itakuwa tupu, na mtu wa kumpimia atakuwa mwingine, asiyemjua hata jina.

“Basi muzani hii si yako,” alisema, akaigeukia hadhira. “Munasikia? Si yake.”

Mnunuzi mmoja wa kweli aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha mwembe akapaza sauti kwamba mzani wake aliununua kwa fedha zake. Mwenzake akamcheka. Mchimbaji mmoja akauliza kwa nini basi soko lisiwe na jiwe moja la kupimia mizani yote, likae kwa mtu asiyenunua. Mzee akauliza huyo asiyenunua ataishi kwa kula nini. Wakabishana, wakatusahau kabisa, Mwalimu akatuashiria tukae chini. Jua lilishuka wangali wakibishana, na kufikia magharibi mjadala ulikuwa umehamia kwenye bei ya mchele wa Kasongo na nani ameipandisha. Jiwe la kupimia halikuwahi kuwekwa, kwa nijuavyo.

Mazoezi yaliyofuata Mwalimu alikuja na nafasi mpya: mtu wa Bukavu. Angekaa nyuma ya hadhira, mgongo wake tu ukionekana, na angejibu simu ikipigwa. Alitaka niicheze mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemsikia mtu huyo siku nyingi kuliko mwingine yeyote. Nilimuuliza huyo naye anadaiwa na nani. Akasema hajui vizuri, na kwamba kuna lori la ndugu yake linaloenda Bukavu juma lijalo, kama niko tayari kukaa juu ya magunia.

Nilikwenda.